YA WAPI HAYA?
Ukweli wa pahala yalipoota mazao tunayoyauza njiani

Ndugu Wanachama,

Anayesafiri baina ya Chake Chake na Wete kwa njia ya Ole huyakuta magenge yetu kando ya barabara: mafungu ya machungwa, mikungu ya ndizi, vipakacha vya maembe, na vifuko vya karafuu, mdalasini na pilipili manga. Wengi wa wenye magenge hayo ni wanachama wetu au watu wa nyumba zao. Genge ni jambo jema, kwani mikarafuu haizai sawa kila mwaka, na katika mwaka wa mavuno haba genge ndilo linalonunua mchele na sare za skuli. Basi yafaa tulizungumze jambo moja linaloweza kuliimarisha genge au kuliua, nalo ni jawabu tunalolitoa mteja anapouliza, "Ya wapi haya?"

Vitu vya gengeni ni vya namna mbili. Viko vilivyoota katika mashamba yetu, na viko vilivyonunuliwa kwa wachuuzi, vingi vikiwa vimevuka bahari kutoka Tanga. Hapana kosa lolote katika vya namna ya pili. Hakuna anayedhani kwamba mbatata imeota Ole, wala hakuna anayemlaumu muuza vitunguu kwa kuwa vimetoka bara. Tabu huja katika vitu vinavyoota huku na huko. Chungwa la Muheza likikaa karibu na chungwa la Pemba hupati kuwatenganisha upesi, na ulimi ukajibu, "La shamba letu hilo." Iliki nyingi ya Tanzania hutoka milima ya Usambara, lakini ikishatiwa katika kifuko pamoja na karafuu za Ole, yote huitwa ya hapa. Je, mgeni akiomba aoneshwe mche wake, muuzaji atamwonesha nini? Huko mjini Unguja wageni wameuziwa hata "zaafarani ya Zanzibar", ilhali zaafarani ni ua la nchi za baridi kama Irani na Kashmir, na mara nyingi kilichomo kifukoni ni manjano tu.

Huenda mtu akasema, "Kuna dhara gani? Chungwa ni tamu, mteja kafurahi." Dhara liko, na inafaa tulifahamu linavyofanya kazi.

Kasoro nyingi za bidhaa hujitokeza zenyewe. Karafuu ikikaushwa vibaya ikawa mpeta, hata mtoto wa Ole huitambua kwa rangi na kwa harufu. Ikiwa haijakauka, ukiivunja haikatiki kwa sauti. Makonyo yakichanganywa na karafuu, jicho huyaona. Lakini pahala zao lilipoota hapaonekani kwa jicho, wala hapaonjeki kwa ulimi wa mtu wa kawaida. Mnunuzi hana shahidi ila wewe. Bei anayoiongeza kwa sababu ya jina la Ole au la Pemba anaitoa kwa kuuamini mdomo wako. Na jina hilo si la mtu mmoja. Ni la kila aliyepalilia, aliyepanda juu ya mkarafuu, na aliyeamka usiku kufunika majamvi kwa kuogopa mvua. Anayelitia juu ya zao lisilokuwa la hapa anatumia mali ya jirani bila ya idhini. Siku mteja atakapogundua, hatasema, "Fulani kanidanganya." Atasema, "Watu wa Ole waongo."

Sisi Wapemba tulitakiwa tuwe wa mwanzo kulifahamu hilo. Tufani ya mwaka 1872 iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Tangu wakati huo karafuu zilizoitwa za Zanzibar zimekuwa zaidi ni jasho la kisiwa hiki. Jina la Zanzibar ni letu pia, kwa hiyo hapo hapana uongo. Lakini yametupata mengine. Kwa miaka mingi kabla ya 2011, bei ya mkulima ilipokuwa chini, karafuu zetu zilivushwa usiku kwa mashua kwenda pwani ya Kenya, kisha zikaingia katika soko la dunia kama kwamba ni mazao ya huko. Mti wa Pemba, mchumaji wa Pemba, na sifa ikaenda kwingine. Mwaka 2011 Serikali ilipoipandisha bei na kuongeza ulinzi, magendo yalipungua sana. Tulilalamika, na tulikuwa na haki ya kulalamika. Lakini asiyependa zao lake liitwe la mwengine hana budi asiliite la mwengine kuwa lake.

Wenzetu wa mbali wamelijua jambo hili. Wakulima wa chai ya Darjeeling, huko India, walichoka kuona chai ya kila bonde ikiuzwa kwa jina la milima yao. Mwaka 2004 jina hilo likasajiliwa kwa sheria ya India, lisitumike ila kwa chai iliyoota huko. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani wa mwaka 1994 umekubali majina ya pahala yalindwe namna hiyo, na Zanzibar nayo ilitunga Sheria ya Mali za Viwanda mwaka 2008 inayotoa nafasi hiyo hiyo. Lakini sheria hulinda jina ambalo wenyewe wanaliheshimu. Tukilichezea barabarani, tutamwambia nini mnunuzi wa tani?

Na sisi ni watu wa dini. Kila aliyekaa chuoni anakijua kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni, akatia mkono katika rundo la nafaka, akakuta chini kuna majimaji. Alimuuliza mwenyewe kwa nini hakuiweka juu iliyorowa watu wakaiona. Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Imamu Shafi wamefundisha kuwa mtu akinunua kwa sharti la sifa fulani, kisha sifa hiyo isipatikane, ana khiyari ya kurudisha. Kusema "ya Ole" ni kutaja sifa.

Basi tufanye nini? Mambo manne hayana gharama kubwa.

Kwanza, vya shamba na vya kununua visikae pakacha moja. Mteja aone mafungu mawili.

Pili, ukiulizwa, jibu ulijualo: "Haya nimeyanunua, yametoka Tanga, yale ni ya shamba letu." Ikiwa hujui, sema umeyanunua kwa mchuuzi. Mteja akisikia ukweli juu ya fungu moja, huliamini la pili, na hapo ndipo utakapopata bei yake.

Tatu, pahala pa zao ni pale mti uliposimama. Wako wanaokodi mikarafuu Mtambwe au Mkoani wakaja kukaushia Ole. Hizo si karafuu za Ole. Ni karafuu za Pemba zilizokaushwa Ole. Kusema hivyo hakukupunguzii kitu.

Nne, juu ya kila kifuko paandikwe jina la zao, pahala lilipoota na mwezi lilipochumwa. Iliki ya Usambara iandikwe ya Usambara. Ni iliki nzuri, haina haja ya kuvaa nguo ya kuazima.

Jambo hili litaletwa katika mkutano ujao, na kila mwenye genge anaombwa afike atoe rai yake, khasa wale wanaoona kuwa kusema kweli kutawapunguzia wateja. Hofu yao ina maana, na ni bora isemwe mbele ya wenzao kuliko ijibiwe kimya kimya gengeni.

Wassalaam,
Katibu