Imani na palizi katika shamba hai Dumila

Nyanya iliyomwagwa sokoni Dumila haikuambii imepigwa dawa mara ngapi. Jicho halioni, ulimi hauonji, na vipimo vya maabara ni ghali. Kwa hiyo kikundi kinachotaka kuendesha shamba la pamoja la kilimo hai hapa, tena kwa nia ya kumcha Mungu na kuitunza ardhi yake, kisiichukulie imani kama pambo la kufungulia mikutano. Imani ina kazi ya kitaalamu.

Kazi hiyo iko kwenye ukaguzi. Kiwango cha kilimo hai cha Afrika Mashariki kilipitishwa mwaka 2007, na alama yake ni Kilimohai. Anayeuza soko la ndani halazimiki kulipia kampuni ya ukaguzi: yapo makundi yanayotumia mfumo shirikishi, ambamo wakulima hutembeleana na kukaguana wenyewe. Sustainable Agriculture Tanzania (SAT), iliyoanzishwa Morogoro mwaka 2011, imefundisha wakulima wengi wa Uluguru kilimo hiki. Sasa fikiria: mkaguzi ni shemeji yako, na nyuma ya banda lako ameona chupa tupu ya dawa. Aseme au anyamaze? Fomu haitamsaidia. Ahadi aliyoitoa mbele ya wenzake na mbele ya Mungu ndiyo itakayomfungua kinywa.

Jaribu lenyewe lina jina: kantangaze. Mdudu huyu wa nyanya, Tuta absoluta, asili yake ni Amerika ya Kusini, na aliripotiwa nchini mwaka 2014. Kiwavi wake hujichimbia ndani ya jani, dawa nyingi zisimpate sawasawa. Mkulima huongeza dozi, mdudu naye huzoea. Shamba hai halina njia ya mkato: tega mitego ya harufu inayonasa madume, ng'oa masalia mara baada ya mavuno, wala usifuatishe nyanya kwa bilinganya au nyanya chungu, maana ni ukoo mmoja. Mwarobaini husaidia, ila wanaousifu kana kwamba ni muujiza wananichosha. Mambo ya Walawi inaagiza ardhi ipumzike mwaka wa saba. Kwa kantangaze, miaka sita ni mingi mno. Ipumzishe ardhi kila baada ya msimu wa nyanya kwa mahindi au choroko.

Mbolea ipo, maana wafugaji wapo. Wilaya hii ya Kilosa imeshuhudia ugomvi wa muda mrefu kati yao na wakulima, na SAT imeendesha mradi wa kuwakutanisha: samadi iende shambani, mabua yaende kwa ng'ombe. Samadi mbichi huja na mbegu za magugu, hivyo lundo la mboji lipate joto la nyuzi 55 na zaidi kwa siku kadhaa, na ligeuzwe ili ya nje nayo iive. Liwekwe mwinukoni. Januari 2014 mafuriko yaliikata barabara ya Dodoma hapa hapa Dumila. Lundo la bondeni lingepona wapi?

Mafuriko, mifereji na upepo huleta pia dawa ya jirani, ndiyo maana shamba hai huhitaji ukanda wa kinga mpakani. Wapo wanaopenda kuwaachia maskini mavuno ya pembezoni, kama Walawi inavyoagiza. Nia njema, lakini Dumila ukingo ndio unaopokea sumu kwanza. Pembeni pandeni miti ya kuzuia upepo. Fungu la maskini litoke katikati.

Kuhusu kiasi cha fungu hilo, hesabu ya zaka ya Waislamu ni ya busara hata kwa asiye Mwislamu: sehemu ya kumi kwa zao la mvua, nusu yake kwa zao lililomwagiliwa kwa gharama. Inatambua kuwa maji yana bei. Kiandikeni daftarini kabla ya kusia mbegu, kwa sababu baada ya mavuno kila mtu huwa na shida yake.

Halafu palizi, ambayo bila kiuagugu ndiyo inayomeza nguvukazi. Wazee waliopitia vijiji vya Ujamaa wanajua shamba la wote lilivyosubiri hadi la nyumbani liishe. Siku ya shamba la pamoja ianze alfajiri, kabla mtu hajashika jembe kwake, na asiyefika bila udhuru apunguziwe mgao.