Mashindano ya Kukisia Bei ya Mazao: Alama Hutolewaje?



Mtu akisema "bei ya mahindi itapanda", amesema neno rahisi. Hakusema itapanda kiasi gani, wala lini, wala yeye mwenyewe ana uhakika kiasi gani. Bei ikipanda atasema "niliwaambia". Isipopanda atanyamaza, na hakuna atakayemuuliza. Lakini mkulima aliyemsikiliza akazuia magunia yake ghalani ndiye atakayebeba hasara. Kwa sababu hiyo yapo mashindano ya kukisia bei ambamo kila neno huandikwa na kupimwa. Katika makala haya tutaeleza jinsi alama zinavyotolewa.

MASHINDANO YA DURU

Mashindano tunayoyazungumzia hayaishi kwa swali moja. Kila mwezi, au kila baada ya majuma machache, mshindani huleta makisio mapya kwa kadiri habari zinavyobadilika. Makisio ya zamani hayafutwi, bali hubaki daftarini na kuhesabiwa. Mashindano ya M6 ya mwaka 2022 hadi 2023, yaliyoongozwa na Profesa Spyros Makridakis, yalikwenda hivyo kwa duru 12, ingawa yalihusu bei za hisa na si mazao.

Kabla ya kuanza ni lazima ijulikane: ni bei ya soko gani, ya siku au msimu gani, na kwa kipimo gani. Yasipowekwa wazi haya, mwisho wake ni ugomvi.

MFANO WA MWAKA 2012

Wizara ya Kilimo ya Marekani hutoa makisio ya mazao kila mwezi. Haikuwa mashindanoni, lakini makisio yake yanafaa kutufundishia. Bei hizi ni za wastani wa msimu mzima, kwa busheli moja ya mahindi, ambayo ni kilo 25 na kidogo:

Mei 2012: dola 4.20 hadi 5.00. Yalitarajiwa mavuno ya busheli 166 kwa ekari.
Julai 2012: dola 5.40 hadi 6.40. Ukame ulikwisha ingia, mavuno yakakisiwa busheli 146.
Agosti 2012: dola 7.50 hadi 8.90. Mavuno yakakisiwa busheli 123.4.

Msimu ulipokwisha mwaka 2013, wastani wa bei waliyopata wakulima ulikuwa dola 6.89. Sasa tupime.

NJIA YA KWANZA: UMBALI WA KOSA

Tunachukua katikati ya kila makisio, yaani 4.60, 5.90 na 8.20, kisha tunatazama kila moja liko mbali kiasi gani na 6.89. Makosa ni dola 2.29, 0.99 na 1.31. Jumla ni 4.59, na wastani ni 1.53. Mwenye wastani mdogo ndiye bora.

Wengine huzidisha kila kosa kwa nafsi lake kabla ya kujumlisha. Kosa la Mei huwa 5.24 na la Julai 0.98. Tazameni: mwanzo kosa la Mei lilikuwa kama mara mbili ya la Julai, sasa limekuwa zaidi ya mara tano. Njia hii humwadhibu sana aliyepotea mbali.

NJIA YA PILI: MIPAKA

Hapa mshindani hutaja mpaka wa chini na wa juu, na husema ana uhakika wa asilimia 80 kwamba bei itaangukia ndani. Kanuni iliyoelezwa na Robert Winkler mwaka 1972 ni hii: adhabu yako ni upana wa mipaka, na bei ikitoka nje, huongezwa umbali iliotoka mara 10. Kumi inatokana na 2 kugawanywa kwa 0.20, yaani ile asilimia 20 iliyobaki.

Tukiichukulia mipaka ya wizara kuwa ni ya asilimia 80, Mei itapata 0.80 na 18.90, jumla 19.70. Julai itapata 5.90. Agosti itapata 7.50. Bei ilitoka nje mara zote tatu! Ama yule ambaye angesema "kati ya 5.00 na 8.50" angepata 3.50 tu. Basi aliyekiri kwamba hali ina mashaka angewashinda wote. Lakini msidhani kutaja mipaka mipana kila siku ni ujanja, kwani upana nao ni adhabu, na bei ikitulia mwenye mipaka myembamba humpita.

NJIA YA TATU: UWEZEKANO

Swali likiwa la ndiyo au la, mfano "je, bei itazidi dola 6?", hutumika kanuni ya Glenn Brier, mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani, aliyoitoa mwaka 1950. Ukisema asilimia 80 na jambo likatokea, kosa ni 0.20, na likizidishwa kwa nafsi lake ni 0.04. Lisipotokea, adhabu ni 0.64. Mwenye kusema asilimia 50 hupata 0.25 kwa vyovyote.

Je, anayeamini asilimia 70 atafaidika akijifanya ana uhakika wa asilimia 100? La. Akisema anachoamini, adhabu yake kwa wastani ni 0.21. Akijigamba, ni 0.30. Kanuni hii imetengenezwa ili msema kweli apate zaidi.

KULINGANISHA KWA HAKI

Makisio ya Agosti ni mepesi kuliko ya Mei, kwani ukame umekwisha onekana. Kwa hiyo washindani hulinganishwa ndani ya duru moja. Tena hulinganishwa na mkisiaji mvivu, anayesema kila mara "bei itabaki kama ya leo". Kosa lake likiwa dola 2.00 na lako 1.50, umepunguza kosa kwa robo. Likiwa lako 2.50, elimu yako haijamsaidia mkulima kitu.

FAIDA KWETU

Kukisia huku si kupiga ramli. Mpiga ramli hakubali kuwekewa daftari. Anzeni nyinyi wenyewe: kila mwanzo wa mwezi andikeni bei ya kilo ya mahindi mnayoitarajia sokoni mwezi unaofuata, pamoja na mipaka yake. Baada ya duru 12 pigeni hesabu. Na siku dalali atakapomwambia mzazi wako azuie mazao kwa sababu bei itapanda, muulizeni kwa adabu: itafika ngapi, lini, na mara zilizopita ulikosea kwa kiasi gani?