Mtaa ukijaa, njia ni ya nani?

Sensa ya mwaka 2012 iliukuta Mkoa wa Rukwa ukiwa na watu 1,004,539. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 iliwakuta watu 1,540,519. Penye wawili sasa pana watatu. Ongezeko hilo ni la wastani wa asilimia 4.3 kwa mwaka, ilhali wastani wa taifa zima ni asilimia 3.2, na kwa mwendo huo, mtoto anayeanza madrasa leo, atakapofikia umri wa kuoa, ataukuta mkoa una watu maradufu ya hawa tulio nao.

Tumezoea kuzisoma takwimu za namna hii kama habari za Serikali, za kupangia madarasa na zahanati. Safari hii tunaomba zisomwe kama habari za nyumbani, kwa kuwa ongezeko la watu haliishii ofisini kwa Mkurugenzi. Linaingia uani. Linaingia pamoja na kijana aliyeoa akaomba aongezewe chumba ubavuni mwa nyumba ya baba yake, na mjane anayeuza nusu ya kiwanja ili alipe ada za watoto, na mpangaji anayetaka choo chake peke yake, na jirani aliyesogeza ukuta hatua moja huku akisema kwamba njia bado inapitika.

Liko jambo ambalo aghalabu halisemwi, nalo ni kwamba nyumba huongezeka kwa kasi kuliko watu. Sensa ya 2022 ilionyesha kuwa kaya ya Kitanzania ina wastani wa watu 4.3, pungufu kuliko mwaka 2012. Kaya zikiwa ndogo, watu wale wale huhitaji mapaa mengi zaidi, majiko mengi zaidi na vyoo vingi zaidi, juu ya ardhi ile ile.

Mwazye ni kata ya Wilaya ya Kalambo, katika uwanda wa juu wa Ufipa. Wengi walio nje ya Rukwa huijua kwa misheni yake kongwe ya Kikatoliki. Ni nchi ya mahindi, maharage na ulezi, ambayo wakulima wake tangu enzi hufukia majani ndani ya matuta makubwa, waitayo intumba, yaoze na kuirutubisha ardhi kabla ya kupanda. Kwa miaka mingi safari ya kutoka uwandani wakati wa masika ilikuwa ya kubahatisha. Leo barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ni ya lami, iliyojengwa kwa fedha za msaada wa Marekani, na ile ya kutoka Sumbawanga kupitia Matai, makao makuu ya Kalambo, inashuka hadi bandari ya Kasanga katika Ziwa Tanganyika. Gunia la mahindi linalotoka shambani hupishana njiani na mfuko wa saruji unaoingia. Na palipopita lami, viwanja hufuata.

Vijana wa Mwazye, kama wenzao wa vijiji vingine vya uwanda, huenda Sumbawanga kutafuta kazi, shule na biashara. Hufikia kwa ami au kwa dada aliyetangulia, katika mitaa ya kata kama Majengo, Chanji, Izia na Katandala, kisha hutafuta chumba cha kupanga, kisha kiwanja. Manispaa ya Sumbawanga, iliyokuwa na watu wapatao 210,000 mwaka 2012, ilivuka laki tatu mwaka 2022. Wageni hao hawakuingia wote katika viwanja vipya vya pembezoni. Wengi wamemezwa na mitaa iliyokwishajengwa, ile ambayo mpitaji angesema haina tena nafasi.

Mtaa mkongwe hujaa kwa ndani. Kwanza huisha bustani ya mboga nyuma ya nyumba, halafu kivuli cha mwembe au mparachichi, halafu uwanja waliokuwa wakichezea watoto, na mwisho kabisa njia. Njia huisha mwisho kwa sababu kila mtu anaihitaji, lakini huisha, kwa sababu hakuna aliyeiandikisha. Kiwanja kina mwenyewe wa kukilinda; njia ina wapitao tu. Siku ya msiba ndipo hasara hiyo huonekana, jeneza linapofika kwenye uchochoro na wabebaji wakalazimika kuliinua juu ya vichwa na kulivusha ukutani kwa jirani. Siku ya moto huonekana zaidi, kwani gari la zimamoto haliwezi kuinuliwa.

Maji nayo yana hesabu yake. Kiwanja cha kawaida katika mitaa ya watu wengi ni kama mita 20 kwa 20, yaani mita za mraba 400. Wataalamu wa afya hushauri kisima kiwe umbali wa mita 30 hivi kutoka kwenye choo cha shimo. Katika kiwanja cha mita 20 kwa 20, kutoka pembe moja hadi pembe ya mkabala ni mita 28. Hata ukichimba kisima kwenye pembe moja na choo kwenye nyingine, umbali hautoshi, na wakati huo hatujahesabu choo cha jirani upande wa pili wa ukuta. Zamani, nyumba zilipokuwa mbali mbali, kisima cha uani kilikuwa neema. Katika mtaa uliojaa, maji ya kunywa na ya udhu yanapaswa kutoka kwenye bomba la mamlaka, na bomba halilazwi pasipo njia. Kadhalika nguzo ya umeme, kadhalika mfereji wa mvua, ambao Sumbawanga inauhitaji sana kuanzia Novemba hadi Aprili.

Sababu kubwa ya viwanja kukatwa vipande vidogo, katika familia zetu za Kiislamu, ni mirathi, na hapa tunapenda tukae kidogo.

Tuchukue mfano. Mzee amefariki, wazazi wake walishatangulia, na ameacha mke, wana wawili wa kiume na mabinti wawili. Madeni yamelipwa na wasia umetekelezwa. Kilichobaki ni nyumba juu ya kiwanja cha mita za mraba 400. Kwa mafungu yaliyomo katika Suratun-Nisaa, mke hupata thumni, yaani mita 50. Zilizobaki 350 hugawiwa mafungu sita, kila mwana wa kiume mawili na kila binti moja. Kijana atapata mita 116 na ushei. Binti atapata 58 na ushei. Mita 58 ni nyumba ndogo ya vyumba viwili bila ua, bila choo, na bila pa kutokea ila kwa kupita kwa kaka.

Hesabu ni sahihi. Kinachokosewa ni kudhani kwamba fungu la mirathi lazima liwe kipande cha udongo. Sharia imempa kila mrithi haki yake katika mali. Haikuamuru nyumba ipasuliwe. Warithi wanaweza kuiacha nyumba nzima, wakaipangisha na kugawana kodi kwa mafungu yale yale. Mmoja mwenye uwezo anaweza kuwalipa wenzake thamani ya mafungu yao kwa ridhaa, akabaki na nyumba. Wakishindwa yote mawili, wauze kwa pamoja wagawane fedha, kwani kiwanja kizima chenye njia hupata bei nzuri kuliko vipande vinne vilivyofungiana. Sisi tunaona njia ya pili ndiyo nyepesi kwa familia nyingi, ila kwa sharti moja zito: thamani ikadiriwe na mtu asiye mrithi. Mara nyingi binti huambiwa asubiri, kwa kuwa ana mume na ana kwake. Akisubiri miaka kumi, hulipwa kwa bei ya mwaka ule baba alipofariki. Hiyo ni dhulma, hata kama kaka ndiye aliyeitunza nyumba.

Na yote hayo yapitie Mahakama ya Mwanzo, ateuliwe msimamizi wa mirathi. Familia nyingi huliona hilo kama kupelekana mahakamani kwa ugomvi, nazo hukaa na nyumba iliyoandikwa jina la marehemu kwa miaka ishirini. Siku barabara inapopanuliwa na fidia ikatangazwa, fidia hulipwa kwa mwenye haki anayetambulika kisheria, naye yuko makaburini.

Kuhusu njia yenyewe, dini yetu imetoa kipimo. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra kwamba Mtume (S.A.W.) alielekeza njia iwe dhiraa saba pale watu wanapohitilafiana juu ya upana wake. Dhiraa ni mkono kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole, karibu nusu mita. Saba ni mita tatu na zaidi kidogo. Maelekezo hayo yalitolewa kwa watu wa ngamia na punda, lakini lori la mchanga na gari la wagonjwa hupita humo. Ni mitaa mingapi tunayoishi ambayo ingefuzu kipimo hicho? Na tunazijua hadithi za onyo kwa anayechukua hata shubiri moja ya ardhi isiyo yake. Husomwa misikitini, kisha tukirudi nyumbani ukuta husogea.

Kwamba kutenga njia mapema huleta tija si maneno ya mimbari peke yake. Katika miaka ya 1970 Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja na kutengeneza barabara kabla watu hawajajenga, katika maeneo kama Sinza ya Dar es Salaam na Mwanjelwa ya Mbeya. Katika maeneo mengine yaliyokwisha kujengwa ovyo, mradi ule ule ulipeleka barabara na maji baadaye. Wanauchumi waliochunguza miji saba ya Tanzania, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2021, waliona kwamba baada ya miongo kadhaa maeneo yaliyopimwa kwanza yalikuwa na nyumba kubwa na bora zaidi kuliko maeneo ya kulinganisha. Yale yaliyorekebishwa baadaye hayakuonyesha ubora huo.

Kwa mitaa mikongwe ya Sumbawanga, basi, kilichobaki ni urasimishaji, ambapo wakazi hukaa, hukubaliana na kila mmoja hutoa sehemu ya kiwanja chake ili njia ipatikane. Ni kazi ngumu. Mwenye ukuta wa matofali ya kuchoma ni nadra kuubomoa kwa furaha, na alama nyekundu ya X ukutani haijawahi kumfurahisha mtu. Lakini kila mwaka unaopita huongeza idadi ya kuta.

Mwazye haijafika huko, na ndiyo maana tumeitaja. Ardhi ya Mwazye ni ardhi ya kijiji, nayo inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Sheria hiyo inakitaka kijiji kitambue ardhi ya watu mmoja mmoja, ardhi ya matumizi ya pamoja na ardhi ya akiba. Njia, malisho, chanzo cha maji na makaburi vinaweza kuandikwa kuwa ardhi ya pamoja, vikaidhinishwa na mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa kawaida hukutana kila baada ya miezi mitatu. Mkutano huo ni wa wanakijiji wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, wanawake kwa wanaume. Waislamu wa vijiji vya Ufipa ni wachache mbele ya majirani zao Wakristo, na uchache usiwe sababu ya kukaa nyumbani siku hiyo. Jirani Mkatoliki naye ana jeneza la kupitisha.

Liko pia la misikiti. Misikiti mingi ya vijijini ilianza kwa muumini mmoja kumega kiwanja chake na kusema kwa ulimi kwamba ameutoa wakfu. Mwenyezi Mungu anajua nia yake, lakini wajukuu zake hawaijui, na ardhi ikipanda bei mmoja wao atauliza hati iko wapi. Suratul-Baqara, aya ya 282, imetuamuru kuandika deni dogo na kubwa. Hatuoni kwa nini wakfu wa milele uachwe bila karatasi. Ardhi ya msikiti na ya makaburi iandikwe kwa jina la wadhamini waliosajiliwa RITA, si kwa jina la imamu wala la mtoaji.

Kwa familia moja moja ya Mwazye inayofikiria kukata kiwanja, kazi ni fupi kuliko inavyodhaniwa. Kabla ya kumwita mnunuzi, pima dhiraa saba kutoka kwenye mpaka wa jirani, pigilia vigingi, mwite jirani na mwenyekiti wa kitongoji washuhudie. Ukiuza, mkataba utaje njia hiyo na upana wake kwa mita. Kisha omba hati ya haki miliki ya kimila kwa sehemu iliyobaki, jina la mke liwemo pamoja na la mume. Masijala ya ardhi ya kijiji iko chini ya Ofisa Mtendaji wa Kijiji, na humo ndimo vigingi hivyo vinapopaswa kuandikwa.