Joto la Mbezi Luis na Maumivu ya Viungo

Miongoni mwa wazee wa Njombe, Makete na Mbeya wanaohamia kwa watoto wao Dar es Salaam, wapo wanaoamini kwamba joto la Pwani litawaondolea maumivu ya magoti, nyonga na vidole; na kwa kuwa mabasi mengi ya mikoani hufikia katika Kituo cha Magufuli, kilichofunguliwa Februari 2021, Mbezi Luis ndipo joto hilo linapowapokea kwanza.

Imani hiyo si ya kubezwa. Katika miezi ya Juni na Julai, ambapo Makete huamkia sakitu, yaani umande ulioganda, misuli inayozunguka kiungo hukaza na ugumu wa asubuhi huchelewa kuachia, ilhali Dar es Salaam ugumu huo huwa mwepesi. Hata hivyo, joto halirudishi gegedu, yaani tishu nyororo inayofunika ncha za mifupa, ikishasagika, wala halizuii baridi yabisi, ambayo ni ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia viungo vya mwili huohuo.

Isitoshe, joto huenda silo jambo kuu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2019 baada ya kuwafuatilia watu zaidi ya 2,600 wenye maumivu ya kudumu, ulionesha kwamba maumivu huzidi kidogo siku zenye unyevu mwingi hewani, upepo mkali na mgandamizo mdogo wa hewa, lakini haukuona uhusiano wa wazi na halijoto peke yake. Unyevu ndio ambao Dar es Salaam inao tele, hasa wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei. Mwenye jongo, ugonjwa wa chembe za asidi ya yuriki kujikusanya kwenye kiungo, ana tahadhari nyingine, kwani kutokwa jasho jingi bila kunywa maji ya kutosha huweza kuamsha shambulio.

Kwa mgonjwa wa magoti, nyumba yenyewe ina uzito zaidi kuliko hali ya hewa. Mbezi ni nchi ya vilima, na njia zake nyingi za ndani hugeuka tope mvua inaponyesha, hivyo chumba cha bei nafuu kilichoko bondeni chaweza kumfungia mzee ndani, akakosa kutembea, jambo ambalo viungo vyake vinalihitaji kuliko jua. Choo cha kuchuchumaa nacho ni adhabu ya kila siku. Aliye karibu na Barabara ya Morogoro hufika kwa urahisi Hospitali ya Mloganzila, ambako hufanyika upasuaji wa kubadilisha nyonga na magoti.

Basi familia isikimbilie kulipa kodi ya miezi sita. Mzee akae kwanza kwa ndugu mwezi Aprili, apime mwenyewe, na dawa alizoandikiwa na daktari asiziache Njombe.