Misitu ya Matambiko na Hatimiliki (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza jinsi serikali ya kikoloni ilivyotangaza msitu wa Mlima Kenya kuwa hifadhi mwaka 1932, na wazee wa Meru na Embu waliotambikia humo wakawa wavamizi. Wakati wa vita vya Mau Mau ndege za Uingereza ziliangusha mabomu msituni, na wanavijiji wakalazimishwa kuchimba handaki la maili 50 chini ya mlima. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kuwafidia wahanga 5,228 wa mateso. Makubaliano hayo hayakugusa msitu.

Lakini si kila jeraha lililetwa na mzungu. Mbeere, katika Embu, wazee walitunza vichaka vya matambiko, kila kimoja kikiitwa iri, ambamo hata tawi halikukatwa. Miaka ya 1970, ardhi ilipopimwa na kuandikishwa kwa majina ya watu binafsi, koo ziliburutana mahakamani na vichaka vingi vikawa shamba la fulani. Shoka likaingia. Aliyezoea kuombea mvua hapo sasa alihitaji ruhusa ya jirani. Ugomvi wa namna hii askari wa misitu hawezi kuumaliza.

Wazee wanauweza. Njuri Ncheke, baraza la Wameru lenye makao Nchiru, Tigania, humtoza mkosaji mnyama, na kiapo huwafunga waliokosana. Msitu wa Giitune, karibu na mji wa Meru, umesimama katikati ya mashamba kwa heshima ya kiapo hicho zaidi kuliko kwa waya wowote.

Katiba ya 2010 imefungua mlango. Kifungu cha 63 kinahesabu misitu ya jamii na sehemu za ibada za jadi kuwa ardhi ya jamii, na cha 62 kinaiondoa misitu hiyo katika ile ya serikali. Sheria ya Ardhi ya Jamii ikafuata mwaka 2016. Kaunti za Meru na Embu zisajili vichaka vilivyobaki kwa jina la jamii kabla havijaisha.

Nina sharti moja. Njuri ni baraza la wanaume, ilhali wanaochota maji na kuokota kuni ni wanawake. Sheria ya Ardhi ya Jamii inataka kamati ya ardhi ichaguliwe na wanajamii wote watu wazima. Mama anayejua ni chemchemi ipi imekauka, na tangu lini, apewe kiti katika kamati hiyo, hata kama kiapo cha Njuri hakimhusu.

Wiki ijayo: Mto Kathita na wazee wa Tharaka.