Ernest Finney: wakili aliyeshindwa kesi ya vijana tisa, kisha akawa Jaji Mkuu wa jimbo

Ernest Finney alipopata shahada yake ya sheria mwaka 1954, hakuna ofisi ya mawakili iliyokuwa inamngojea. Carolina Kusini, jimbo moja la kusini mwa Marekani, lilikuwa bado linawatenga weusi na weupe shuleni, ndani ya basi na hotelini. Ili apate kuishi, kijana huyo alifundisha shule, na wakati mwingine alihudumia wageni katika hoteli ya Ocean Forest, mjini Myrtle Beach. Chama cha mawakili wa jimbo kilifanya mkutano wake katika hoteli hiyo. Finney alikuwa mwanasheria kama wao, lakini ukumbini aliingia akibeba sahani. Chama hicho kilikuwa cha weupe.

Alizaliwa mwaka 1931 huko Smithfield, katika jimbo la Virginia. Mama yake alifariki siku chache tu baada ya kumzaa, na baba yake, aliyekuwa mwalimu, ndiye alimlea. Mwaka 1960 alihamia mji wa Sumter na kuanza kazi ya uwakili kwa ukamilifu. Wakati ulikuwa mgumu: wanafunzi weusi walikuwa wameanza kuingia katika migahawa ya weupe, kuketi na kuomba kuhudumiwa. Polisi walikuwa wanawakamata kila mara.

Tarehe 31 mwezi wa kwanza mwaka 1961, vijana waliketi mezani katika duka la McCrory's, mjini Rock Hill. Wengi wao walikuwa wanafunzi wa chuo cha Friendship. Walikamatwa, na Finney akawa wakili wao. Hukumu ilitolewa haraka: faini ya dola 100 kwa kila mmoja, ama siku 30 za kazi ngumu gerezani. Tisa kati yao walikataa kulipa.

Uamuzi huo haukuwa ukaidi wa vijana tu. Tangu maandamano yaanze, pesa za vyama vya kutetea haki zilikuwa zinaishia katika faini na dhamana, na kila faini iliyolipwa iliingia katika mfuko wa serikali ileile iliyowakamata. Kwa kukubali gereza, vijana hao tisa waliuacha mzigo wa gharama kwa serikali. Mbinu hiyo ilienea katika miji mingine ya kusini.

Finney alishindwa kesi hiyo, kama alivyoshindwa nyingine nyingi. Pamoja na mwenzake wa ofisi, aliwatetea maelfu ya waandamanaji mbele ya mahakama za chini ambazo hukumu yake mtu angeweza kuikisia kabla hajaingia mlangoni. Kazi ya wakili hapo ilikuwa kuhakikisha kila kitu kimeandikwa vizuri, ili rufani ipate pa kushikia.

Mwaka 1972 alichaguliwa kuwa mbunge wa jimbo, akakaa katika kamati ya sheria na akashiriki kuunda kundi la wabunge weusi. Hatua hiyo ilikuwa na uzito kuliko inavyoonekana. Katika Carolina Kusini, majaji wa mahakama ya mzunguko na wa Mahakama Kuu hawapigiwi kura na wananchi wala hawateuliwi na gavana. Ni bunge la jimbo ndilo linawachagua. Mtu aliyekuwa anasimama mbele ya mahakama na kushindwa, sasa alikuwa ndani ya nyumba ambamo majaji wanapatikana. Mwaka 1976 wabunge walimchagua kuwa jaji wa mahakama ya mzunguko, mweusi wa kwanza katika jimbo hilo.

Mwaka 1985 aliingia Mahakama Kuu ya jimbo. Mweusi wa mwisho kuketi humo alikuwa Jonathan Jasper Wright, aliyechaguliwa mwaka 1870, miaka michache baada ya utumwa kufutwa, na kujiuzulu mwaka 1877 wakati wazungu wa chama cha Democratic waliporudi madarakani. Kati ya hao wawili ilipita zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1994 Finney akawa Jaji Mkuu.

Hukumu yake inayojadiliwa zaidi ni ya mwaka 1999, katika kesi ya wilaya za shule maskini zilizoshitaki serikali ya jimbo. Finney aliandika kwamba katiba inalazimisha jimbo kumpa kila mtoto nafasi ya kupata elimu inayotosha kwa kiwango cha chini. Wapo waliosema kiwango hicho ni kidogo mno. Hata hivyo, bila hukumu hiyo kesi ingekufa palepale, kwa sababu mahakama ya chini ilikuwa imeitupa.

Alistaafu mwaka 2000. Lakini tarehe 28 mwezi wa kwanza mwaka 2015, akiwa na miaka 83, alirudi mahakamani Rock Hill kama wakili na kuomba hukumu za vijana wake wa mwaka 1961 zifutwe. Walionusurika walikuwa sasa wazee. Jaji John C. Hayes, mpwa wa jaji aliyewafunga, alikubali ombi hilo, na mwendesha mashtaka Kevin Brackett akawaomba msamaha. Finney alifariki mwezi wa kumi na mbili mwaka 2017, akiwa na miaka 86.