MKARATUSI NA PAKANGA: TUITUNZE NA TUITUMIE VIPI?

Ndugu wakimbizi, mimea hii miwili ina majani yanayonukia, na wengi wetu huyachemsha mtu akiwa na homa. Lakini haifanani.

MKARATUSI ni mti wenye asili ya Australia. Hukua haraka, na ukikatwa huchipua tena kwenye kisiki. Hutupatia nguzo na kuni. Lakini hunywa maji mengi, kwa hiyo usiupande karibu na bustani wala chemchemi. Miche ipaliliwe na kumwagiliwa maji mpaka ishike. Mvuke wa majani humpa nafuu mwenye mafua. Mtoto asifukizwe, maji ya moto yatamuunguza. Mafuta ya mkaratusi yasinywewe, ni sumu.

PAKANGA ni mmea wa msimu mmoja, asili yake China. Mbegu ni ndogo kama vumbi: zitawanye kitaluni juu ya udongo laini bila kuzifukia, kisha hamisha miche. Huvunwa kabla ya kuchanua, na majani hukaushwa kivulini. Viwandani hutolewa humo artemisinini, ambayo huingia katika dawa ya mseto ya malaria.

Ndiyo maana watu husema chai ya pakanga inatosha. Haitoshi. Kikombe hakina kipimo: homa hushuka, kisha malaria hurudi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa tamko la kutounga mkono matumizi ya chai hiyo kutibu au kuzuia malaria.

Mtoto akipata homa, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Apimwe damu, na amalize dozi.